Uchovu wa mchana usioeleweka kwa watu wa makamo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Bukavu

Maswali haya huulizwa sana na watu wenye umri wa kati ya miaka 40 na 60 wa komini za Bukavu, yaani Ibanda, Kadutu na Bagira, ambao asubuhi wanafanya kazi vizuri lakini ikifika saa nane mchana wanajiona kama watu wengine. Majibu hayachukui nafasi ya daktari. Yanakusudiwa kukusaidia ufike kwake ukiwa na la kusema, na ujue ni vipimo vipi vinastahili pesa yako.

Je, kuchoka baada ya chakula cha mchana si jambo la kawaida?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mwili una saa yake ya ndani, na kati ya saa saba na saa tisa mchana saa hiyo hupunguza wepesi wa akili hata kwa mtu ambaye hajala chochote. Chakula kizito huzidisha tu hali ambayo ilikuwa ikija yenyewe. Mtu anayepiga miayo saa nane, akanyoosha miguu, akanywa maji na kuendelea na kazi hadi jioni, hana ugonjwa wa kutafutwa.

Uchovu unaostahili kutafutiwa chanzo ni ule uliomwanza mtu ambaye hakuwa nao, unaorudi siku nyingi za wiki kwa muda wa mwezi au zaidi, na unaomlazimu aache jambo alilolizoea, kama mwalimu anayewapa wanafunzi kazi ya kunakili kila kipindi cha mwisho ili apate kuketi, au mama wa sokoni ambaye sasa humwachia binti yake meza kila alasiri. Kusema kwamba ni uzee ni kujibu haraka mno. Mwili wa mtu wa miaka 45 hubadilika polepole, kwa miaka; hauporomoki kati ya Pasaka na Noeli.

Nianzie wapi kutafuta chanzo?

Anza na wewe mwenyewe kabla ya maabara, kwa kutenganisha mambo manne ambayo watu huyapeleka kwa daktari kwa jina moja. La kwanza ni usingizi: ukiketi kwenye basi, kanisani au mbele ya televisheni, kichwa kinaanguka. La pili ni kukosa pumzi: mpando uliokuwa ukiupanda kila siku kutoka barabara kuu hadi nyumbani sasa unakulazimu kusimama mara mbili. La tatu ni kulegea kwa misuli, yaani akili iko macho lakini mikono au miguu haitii. La nne ni kukosa hamu: nguvu zipo, lakini hakuna kinachokuvuta kuzitumia. Usingizi huelekeza kwenye usiku wako na dawa unazomeza. Kukosa pumzi huelekeza kwenye damu, moyo na mapafu. Kulegea kwa misuli huelekeza kwenye tezi, chumvichumvi za damu na mishipa ya fahamu. Kukosa hamu huelekeza mara nyingi kwenye moyo uliojaa huzuni. Mtu anaweza kuwa na mambo mawili kwa pamoja, lakini karibu kila mara moja hutangulia.

Kisha chukua daftari la kawaida na uandike kwa wiki mbili saa uliyolala, saa ulizoamka usiku na sababu yake, ulichokula na saa ya kula, dawa zote, chai, kahawa na pombe, na saa ambayo uchovu ulikushika. Andika siku hiyohiyo, kwa maana kumbukumbu ya wiki iliyopita hudanganya. Usisahau siku za mapumziko. Ikiwa Jumapili uchovu haupo, hilo ni jambo kubwa la kumweleza daktari.

Kwa maoni yangu daftari hilo lina thamani kuliko nusu ya vipimo vinavyoagizwa. Wengi hugundua humo jambo ambalo hawakuwa wakilihesabu: umeme ukirudi usiku wa manane, mama huamka kupiga pasi sare za watoto na kuchaji simu, maji yakitoka saa tisa za usiku huamka tena kujaza madumu, na saa kumi na moja siku inaanza. Kitandani alikaa saa saba, lakini alilala saa nne na nusu, tena kwa vipande. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi wenyewe, na deni la usingizi hudaiwa mchana.

Nimeenda kwenye kituo cha afya mara kadhaa, na kila mara naambiwa ni malaria au tifoidi. Natibiwa, lakini uchovu unarudi. Kwa nini?

Kwa sababu inawezekana kabisa kwamba si malaria wala tifoidi. Swali hili linastahili jibu refu, kwani ndiyo njia ambayo watu wengi wa huku hupotezea miezi na akiba.

Malaria ni ugonjwa wa siku chache wenye homa, baridi, kichwa kuuma na viungo kuuma. Haiji kila siku saa nane ikaondoka jioni kwa miezi mitano. Mtu mzima aliyeishi katika eneo la malaria anaweza kuwa na vimelea wachache katika damu bila kuumwa navyo, hivyo kuonekana kwa vimelea hivyo hakuthibitishi kwamba ndivyo vinavyomchosha. Tena kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kudunga kidole na kusoma mistari, kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa maana aina inayotumika sana hutafuta protini ya kimelea ambayo hukawia kutoka katika damu.

Habari ya tifoidi ni mbaya zaidi. Kipimo cha Widal, ambacho bado kinafanywa kila mahali kwa bei ndogo, hakimtafuti mdudu. Hutafuta kingamwili, na kingamwili hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani, za chanjo, au za vijidudu vingine vinavyofanana na yule wa tifoidi. Widal moja yenye kuonyesha chanya kwa mtu asiye na homa haina maana kubwa. Kipimo chenye nguvu ni kuotesha damu maabarani. Kumeza siprofloksasini, dawa ya kuua vijidudu, mara nne kwa mwaka kwa ajili ya uchovu usio na homa ni kuwazoesha vijidudu dawa bila kumsaidia mgonjwa. Ukiambiwa tena ni tifoidi, uliza kwa heshima: «Daktari, homa yangu ilikuwa ngapi?»

Ni vipimo gani vya damu vinavyofaa kuanza navyo?

Hesabu kamili ya damu pamoja na hemoglobini, sukari kabla ya kula, kreatinini kwa ajili ya figo, TSH kwa ajili ya tezi ya thiroidi, kipimo cha mkojo, na kipimo cha virusi vya UKIMWI kwa anayekubali. Mwanamke ambaye hedhi yake bado haijakoma apimwe pia ujauzito, hata akiwa na miaka 46 na akiwa na hakika kwamba hilo haliwezekani. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku au anayekonda apimwe makohozi kwa kifua kikuu. Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita tansio, lipimwe ukiwa umeketi na kisha ukiwa umesimama.

Kuhusu sukari, 126 mg kwa desilita au zaidi kabla ya kula, ikithibitishwa siku nyingine, ni kisukari. Kisukari huchosha kwa njia mbili: seli hazipati nishati ipasavyo, na mtu huamka mara nne usiku kwenda haja ndogo.

Kuhusu hemoglobini, liko jambo ambalo mtu wa Bukavu anapaswa kulijua. OMS (Shirika la Afya Duniani) huhesabu kuwa mwanamke asiye mjamzito mwenye chini ya 12 g kwa desilita, na mwanamume mwenye chini ya 13, ana upungufu wa damu, lakini viwango hivyo ni vya usawa wa bahari. Jiji letu liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, ambako hewa ina oksijeni pungufu na mwili hutengeneza damu zaidi ili kufidia, hivyo kikomo hupandishwa. Karatasi ya maabara inaweza kukuandikia kwamba 12.2 ni kawaida kwa mwanamke kwa kuwa mashine haijui iko wapi. Kwa mkazi wa hapa anayehema akipanda mlima, hiyo 12.2 inafaa kutazamwa mara ya pili, na ikiwezekana pamoja na feritini, inayoonyesha akiba ya madini ya chuma. Akiba hiyo inaweza kuisha, na uchovu ukaanza, kabla hemoglobini haijashuka.

Ninakula sombe (majani ya mihogo) karibu kila siku. Nawezaje kukosa chuma?

Sombe na lengalenga (mchicha) zina chuma, lakini ni chuma cha mimea, ambacho utumbo hukifyonza kidogo tu. Ukinywa chai mara baada ya kula, kiasi hicho kidogo hupungua zaidi, kwani chai hukishika chuma tumboni kisipite. Sahani hiyohiyo ikipata sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wachache na kipande cha ndimu au chungwa, na chai ikacheleweshwa kwa saa moja au mbili, hesabu hubadilika bila gharama kubwa.

Hata hivyo chakula si mshtakiwa mkuu katika umri huu. Mwenye upungufu wa chuma aulizwe kwanza damu inatokea wapi. Kwa mwanamke wa miaka 40 na kitu, mara nyingi ni hedhi nzito. Akibadilisha pamba kila saa, akitokwa na mabonge ya damu, au akiwa na hedhi ya zaidi ya siku saba, anapaswa kupimwa uvimbe wa kizazi, hata kama amezoea hali hiyo tangu alipozaa mtoto wa mwisho. Kwa mwanamume, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi, upungufu wa chuma ni ishara ya kutazama tumbo: minyoo ya safura, vidonda vya tumbo, hasa kwa anayemeza dawa za maumivu kila siku, na wakati mwingine saratani ya utumbo au ya tumbo. Kumpa mtu huyo vidonge vya chuma bila kutafuta mahali damu inapovuja ni kufuta maji sakafuni huku bomba limeachwa wazi.

Shingo yangu imevimba kidogo tangu zamani. Ina uhusiano wowote na uchovu?

Huenda ina uhusiano. Kivu ni eneo la rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, la tangu zamani. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilichunguzwa na wanasayansi katika miaka ya 1960, na ikaonekana kwamba iodini ilikuwa pungufu kisiwani kote, lakini rovu lilikuwa jingi zaidi kaskazini. Mihogo, iliyoliwa kwa wingi zaidi upande huo, ndiyo iliyoongeza tatizo, kwa sababu sianidi inayobaki humo hugeuzwa mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua iodini. Chumvi yenye iodini imepunguza sana jambo hilo, mradi ifunikwe na isiachwe kwenye unyevu.

Tezi iliyolegea humfanya mtu asikie baridi wakati wengine wanavua makoti, ngozi ikauka, choo kikawa kigumu, uzito ukaongezeka na sauti ikawa nzito. Mtu anaweza kuwa na rovu huku tezi ikifanya kazi vizuri, na anaweza kuwa na tezi iliyolegea bila uvimbe wowote. TSH ndiyo itakayosema.

Mke wangu anasema ninakoroma sana. Mimi naona ninalala vizuri. Nani yuko sahihi?

Mke wako. Mwenye kukatikiwa pumzi usingizini hajui, kwa sababu anaamshwa kwa sekunde chache tu, mara nyingi mno kwa usiku mmoja, na asubuhi hakumbuki lolote. Koo hulegea, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, anakoroma kwa nguvu na kulala tena. Mwambie mkeo akurekodi kwa simu kwa dakika kumi katikati ya usiku. Kinachotafutwa ni ule ukimya unaofuatwa na mkoromo wa kushtuka, kuliko makelele yenyewe. Kinywa kukauka, kichwa kuuma asubuhi, tansio isiyoshuka licha ya dawa, shingo nene na kitambi huongeza shaka.

Madaktari hutumia pia maswali manane ya Epworth, yanayouliza uwezekano wako wa kusinzia ukisoma, ukiwa abiria, ukiketi baada ya chakula na kadhalika; jumla ni 24, na zaidi ya 10 ni usingizi uliopita kiasi. Mashine ya kurekodi usingizi haipatikani katika kila hospitali, lakini kulala ubavu, kupunguza uzito na kuacha pombe ya jioni vinaweza kuanza leo. Anayesinzia akiwa kwenye usukani au juu ya pikipiki asiendeshe hadi atibiwe. Hapo sina njia ya kati ya kupendekeza.

Je, dawa ninazomeza zinaweza kuwa ndizo zinazonichosha?

Ndiyo, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Miongoni mwa dawa za tansio, propranolol, atenolol na metildopa zinaweza kumlegeza mtu, na baadhi ya dawa za kukojoza hushusha potasiamu hadi misuli ikakosa nguvu. Dawa za mafua na mzio kama klorfenamini na prometazini huleta usingizi wa saa nyingi. Diazepam iliyomezwa usiku inaweza kuwa bado kazini mchana wa pili.

Nitaje moja ambalo halisemwi wazi: vidonge vya kunenepesha. Siproheptadini, inayouzwa bila ordonansi (karatasi ya daktari) kwa wanaotaka kuongeza mwili, ni dawa ya mzio inayolaza. Mara nyingi huchanganywa na deksametasoni, ambayo hupandisha sukari na tansio, na ikitumiwa kwa wiki nyingi hulaza tezi zilizo juu ya figo, kiasi kwamba mtu akiiacha ghafla huanguka kwa udhaifu mkubwa. Anayevimeza asiviache ghafla. Amweleze daktari bila aibu ili apunguziwe polepole. Dawa ya tansio vilevile haiachwi kwa uamuzi wa mgonjwa peke yake.

Ninapika kwa makala (makaa) siku nzima. Moshi unaweza kuleta uchovu?

Moshi unaouona si wa kuogopwa kuliko gesi usiyoiona. Mbabula (jiko la makaa) yenye makala yaliyoiva, isiyotoa moshi tena, ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua, hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo hushika hemoglobini mahali pa oksijeni. Kichwa kizito, kichefuchefu na kulegea kunakopungua ukitoka nje, tena kwa watu kadhaa wa jikoni lilelile, ni dalili inayotosha. Toa mbabula nje au fungua pande mbili hewa ipite, na usilale nayo ndani hata usiku mmoja.

Je, nitundikiwe seramu (dripu) ya vitamini?

Hapana, isipokuwa kimeonekana upungufu unaotibiwa hivyo. Maji na sukari ya seramu hukuchangamsha kwa saa chache, na pesa yake ingelipa hemoglobini na TSH.

Inawezekana kuwa ni mawazo tu?

Naomba tuondoe lile «tu». Watu wa jiji hili wamebeba mengi: vita, ndugu waliohamishwa, biashara zilizofungwa, usiku wa kusikiliza. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, huwaendea wengi kupitia mwili, na mgonjwa husema amechoka kabla hajasema ana huzuni. Ukiamka saa tisa za usiku bila kurudi usingizini, ukapoteza ladha ya mambo uliyoyapenda, ukajiona huna thamani, kwa zaidi ya wiki mbili, hilo nalo ni ugonjwa unaotibika, sawa na upungufu wa damu. Mawazo ya kujiua ni dharura ya siku hiyohiyo.

Wanawake wa miaka 45 hadi 55 wana sababu nyingine inayochanganywa na hii: hedhi inapokaribia kukoma, joto la ghafla na jasho huwaamsha usiku, na mchana wanalipia. Hilo nalo lina matibabu.

Ni dalili zipi zisizosubiri daftari la wiki mbili?

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi ukilala chali, miguu kuvimba, choo cheusi kama lami kwa mtu asiyemeza vidonge vya chuma, kukonda bila sababu, homa inayoendelea, au upande mmoja wa mwili kulegea. Ongeza moja ya nadra ambayo saa yake ni ya alasiri kwelikweli: kope kushuka, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kutafuna kadiri siku inavyosonga, hali inayopungua baada ya kupumzika. Huo ni ugonjwa wa mahali mishipa ya fahamu inapokutana na misuli, na unahitaji hospitali kubwa.

Chanzo kikishapatikana, nguvu zitarudi lini?

Inategemea. Gesi ya makala ikiondolewa, siku chache hutosha. Vidonge vya chuma vinapaswa kupandisha hemoglobini kwa takribani 2 g kwa desilita ndani ya wiki tatu hadi nne, na huendelezwa kwa miezi mitatu baada ya kiwango kufika kawaida ili kujaza akiba. Choo kikiwa cheusi wakati huo, ni chuma chenyewe. Dawa ya tezi hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, na dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake. Ikiwa umemeza chuma ipasavyo kwa mwezi mzima na hemoglobini haijasogea, ama damu bado inavuja, ama chuma hakifyonzwi, ama chanzo kilikuwa kingine: rudi ukiwa na karatasi ya kwanza na ya pili pamoja, na daftari lako.